Ramani ya mtaa ilikuwa kabatini manispaa, muhuri ulikuwa mezani kwa mwenyekiti: nani anadhibiti ujenzi huku pembezoni?

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimekaa nao moyoni tangu masika.

Naishi pembezoni mwa Dar es Salaam. Mtaa sitautaja wala manispaa sitaitaja, kwa sababu jambo bado liko mezani na mimi mwenyewe ni mjumbe wa kamati ya mtaa, nilichaguliwa Novemba 2024. Nilihamia huku 2011. Wakati ule ukishuka barabara kubwa unapita mikorosho na mashamba ya mihogo, nyumba unazihesabu kwa vidole. Nilinunua kiwanja cha hatua 30 kwa 25 kwa mwenyeji, tukaandikiana ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akagonga muhuri, nikatoa asilimia 10 ya ofisi, tukapeana mikono. Nilijiona nimefuata taratibu zote za nchi.

Leo mikorosho imebaki miwili, na yote imeshazungushiwa ukuta.

Nianze na jambo la Aprili. Jirani yangu, mama mtu mzima anayelea wajukuu, choo chake kilijaa. Akaita gari la kunyonya majitaka. Gari likafika kona ya duka la Mangi, likagota. Kutoka pale hadi kwake ni kama hatua 120, na njia iliyobaki inapitisha bajaji moja, tena ikikunja vioo. Vijana wa gari wakaunganisha mipira mitatu, wa nne hawakuwa nao. Wakapungukiwa hatua kama 20 hivi. Nilisimama pale nikiwaona wanavuta ule mpira wa mwisho kana kwamba ungerefuka. Wakakunja, wakaomba hela ya mafuta, wakaondoka.

Usiku wa pili mvua kubwa ikanyesha na choo kikatapishwa. Asubuhi nampeleka mwanangu shule, tunaruka juu ya matofali yaliyopangwa kwenye maji, na sote mtaa mzima tunajua ni maji gani. Sikumlaumu yule mama. Mpaka leo simlaumu.

Sasa sikilizeni. Njia ile ya bajaji, kwenye mchoro wa mipango miji, ni barabara ya mita 10. Niliuona mchoro huo kwa macho yangu kwa mara ya kwanza Februari 2025, tulipokwenda manispaa kama kamati mpya. Ulitolewa kabatini umekunjwa. Una mihuri na sahihi zote, ni wa 2013. Ina maana nyumba karibu zote zinazobana njia ile zilijengwa wakati barabara imeshachorwa. Na pale penye eneo la shule ya msingi na uwanja wa wazi, leo kuna nyumba 19. Zote zimepigwa X nyekundu, alama ya kubomolewa. Wenyewe wana karatasi za mauziano, na kila karatasi ina muhuri wa mtaa wetu.

Tangu hapo ni malumbano. Manispaa inasema mtaa umeuza barabara na shule. Mwenyekiti aliyepita anasema hajawahi kuonyeshwa mchoro, na huwezi kulinda usichokijua. Diwani anasema baraza la madiwani lilipitisha, kwa hiyo kila mtu alijua. Mtendaji wa wakati ule alishahamishwa. Na wizara ya ardhi nayo ilishatamka zaidi ya mara moja kwamba wenyeviti wa mitaa hawana mamlaka ya kusimamia mauziano ya ardhi. Lakini nani amewahi kununua kiwanja huku kwetu bila kupita kwa mwenyekiti? Ndiye anayejua nani ni nani, na shamba la marehemu fulani liliishia kwenye mti upi.

Sensa ya 2012 ilihesabu Dar watu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hiyo milioni moja na zaidi haikwenda kulala Upanga, katikati ya jiji. Imekuja huku, kiwanja kimoja kimoja, muhuri mmoja mmoja. Mpango mkuu wa jiji wa 1979 ulikusudiwa wa miaka 20, mpya ukachelewa mno, na katikati hapo aliyekuwa akipanga mji hasa ni mwenye shamba, dalali na mwenyekiti.

Hoja yangu ni moja: mchoro utundikwe ukutani ofisi ya serikali ya mtaa, palepale muhuri unapogongwa. Mnunuzi akiingia na muuzaji wake, aoneshe kwa kidole kiwanja kiko wapi. Kama kidole kimeangukia barabarani au kwenye shule, hakuna kuandikiana. Mengine yote, X, matamko, operesheni, yanakuja mtu ameshapaua.

Naomba michango, hasa ya wale yaliyowakuta.

#2 Mwenye shamba

Mwanangu mwanzisha uzi, shikamoo nimeipokea hata kama hukuitoa. Naandikiwa na mjukuu wangu. Mimi si wa mtaa wenu ila ni wa pembezoni kama nyie, na mimi ni katika hao waliouza shule.

Baba yetu alituachia ekari nne. Siku moja wakaja vijana na vifaa vyao, wakachimbia bikoni, yale mawe ya mipaka, wakasema bibi hapa kwako itakuwa shule na kituo cha afya. Nikafurahi. Nikawauliza, nalipwa lini? Wakasema bajeti ikipita. Nikaambiwa nisipande mazao ya kudumu wala nisijenge. Nikangoja. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, bajeti haikupita. Mwaka wa nne mume wangu figo zikafeli, anatakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nilikwenda pale ofisini kuomba walau waniandikie barua kwamba nadai, hata hiyo barua sikuipata.

Nikakata kipande nikauza. Nikakata kingine. Mume wangu aliishi miaka miwili kwa vipande vile.

Huo mchoro wako ukiutundika ukutani, na mimi siku ile ningeoneshwa kidole kimeangukia kwenye shule, ukaninyima muhuri, mume wangu ungemweka wapi? Nakuuliza kwa upendo, nijibu.

#3 Mpanga miji mstaafu

Nimefanya kazi ya mipango miji katika halmashauri miaka 26. Nimesoma #1 na #2 mara mbili mbili. Wote wawili mmesema kweli, na nimetumikia pande zote mbili za kosa hili.

Mchoro huandaliwa na halmashauri, unapita Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya madiwani, unapelekwa kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji wizarani uidhinishwe. Baada ya hapo ndipo upimaji, kisha hati, kisha vibali vya ujenzi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wenye ardhi washirikishwe. Na sisi tulishirikisha: tunaitisha kikao chini ya mti au darasani, wanakuja watu 40 au 50, tunabandika mchoro ubaoni, watu wanauliza, wanasaini mahudhurio. Jioni tunaubandua, tunaukunja, tunaondoka nao.

Nimejiuliza sana tangu nistaafu kwa nini hatukuuacha. Kisingizio chetu kilikuwa nakala ni moja na ofisi ya mtaa ni chumba cha kupanga kinachovuja. Lakini wapo wenzetu, na lazima hili lisemwe, waliopenda mchoro ukae kabatini, kwa sababu anayetaka kuuona lazima aje kwao, na akija lazima aje na kitu mkononi.

Kuhusu Bibi wa #2. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulifanikiwa kwa kiasi kikubwa kwa jambo moja: fedha ilitangulia. Wizara ilikopa Hazina, ikalipa fidia, ikapima, ikachonga barabara, ndipo ikauza viwanja na kurudisha mkopo. Mbweni, Bunju, Boko, Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Buyuni. Pita Kibada leo uone njia zilivyonyooka. Hata hivyo wengi waliolipwa fidia ile walisogea mbele kidogo wakanunua mashamba yasiyopimwa, na huko ndiko tunakolia leo. Baada ya mradi ule halmashauri nyingi ziliendelea kuchora bila mfuko wa fidia. Kuchora shule kwenye shamba la mtu usiyemlipa ni kumfunga kamba na kumwacha hapo. Siku kamba ikikatika unamwita mvamizi.

Halafu kuna mambo hayahitaji mchoro wowote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mto. Mwenyekiti yeyote anauona mto. Mihuri ya mabondeni haina kisingizio cha kabati.

#4 Mkazi wa Kigamboni

Wakuu, nyie mnalia ujenzi haukuzuiwa. Sisi tulizuiwa, njooni niwaambie kuzuiwa kulivyo.

2008 Serikali ilitangaza Mji Mpya wa Kigamboni, zaidi ya hekta 6,000, kata za Kigamboni, Vijibweni, Mjimwema, Kibada na sehemu ya Somangila. Tukaambiwa tusiendeleze maeneo yetu mpaka mpango ukamilike. Baadaye eneo likapanuliwa zaidi, ukaundwa wakala wake, na mipango ikatoka mikononi mwa manispaa ya Temeke tuliyokuwa chini yake. Ukienda manispaa unaambiwa nenda kwa wakala. Ukienda kwa wakala unaambiwa subiri.

Marehemu baba alikuwa na msingi wa nyumba ya vyumba vinne na tofali 1,800 zimepangwa pembeni. Tofali za mchanga na saruji ukiziacha nje kwenye mvua na jua mwaka hadi mwaka, na ufyatuaji ule wa saruji kidogo, zinaanza kumong'onyoka pembe. Kila Jumapili alikuwa anazizungukia, anageuza zilizo juu ziwe chini. Alifariki zikiwa bado zimepangwa.

Mwisho wakala akavunjwa, kazi ikarudi manispaa, ambayo sasa ni Kigamboni yenyewe. Daraja limefunguliwa Aprili 2016, watu wamemiminika, na katika miaka ile ya katazo waliojenga ni wale wasioogopa: usiku, siku za sikukuu, bila kibali, bila mpango. Waliotii ndio walioumia. Kwa hiyo mkuu, mchoro ukutani naunga mkono, ila uandikwe na tarehe. Kama ndani ya muda fulani hamjanilipa, eneo langu lirudi kwangu kwa maandishi.

#5 Dalali wa viwanja

Kazi yangu hii miaka 14, na nimeuza sana. Nawaambia kutoka jikoni: mteja siku hizi anauliza njia kabla ya bei. Kiwanja hatua 20 kwa 20 kilicho na barabara ya gari kinauzika haraka na kwa bei nzuri, cha ndani ndani kisichopitika kinakaa miezi. Wenye mashamba wakikata viwanja kwanza wanatoa njia pana, mteja wa tano sita akija na hela mkononi anasema "ninyofoe hapa pembeni," ile njia inaanza kuliwa. Hatua mbili huku, hatua tatu kule. Hakuna aliyeuza barabara yote siku moja.

Mkitundika huo mchoro mtatusaidia sisi pia. Nimeshawahi kukimbia nyumba yangu wiki mbili kwa sababu niliyemuuzia alikuta X. Na mimi sikujua, naapa.

#6 Mkazi wa Kimara

Nyongeza fupi. Mwaka 2017 tulibomolewa kupisha barabara ya Morogoro, mita 121.5 kutoka katikati. Walikuwamo watu wana umeme, maji, risiti za kodi ya majengo. Kila idara ilikuwa imechukua pesa yake pale pale ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa hiyo mwanzisha uzi, usiishie kwenye muhuri wa mtaa. Anayevuta umeme na anayevuta maji nao wautazame huo ukuta kabla ya kuchimba.

#7 Mwanzisha uzi

Nimewasoma wote. Bibi, shikamoo, na pole sana kwa msiba wa babu.

Swali lako limeninyima usingizi siku mbili. Nilipoandika #1 nilikuwa naiona barabara, sikukuona wewe. Kukunyima muhuri bila kukulipa kungekuwa dhuluma, nami ningekuwa mmoja wa waliokudhulumu. Nisingeweza kukutazama usoni nikakwambia ngoja bajeti.

Kwa hiyo nimebadilisha hoja yangu, na nimeirudisha kwenye kamati hivi: mchoro utundikwe, na pembeni yake kila eneo la umma liandikwe hali yake. Limelipwa au halijalipwa, na tangu lini. Eneo lisilolipwa lijadiliwe upya na wenye mashamba yote yanayolizunguka, kwa sababu shule si ya bibi mmoja. Wenye mashamba wakikubali kuunganisha, kila mmoja akamega sehemu ya njia na huduma na kilichobaki kikapimwa viwanja halali, mzigo unagawanyika. Mpimaji naye anaweza kulipwa kwa viwanja badala ya fedha taslimu, jambo linalofanyika tayari sehemu nyingi. Kwenye urasimishaji, yaani kupima maeneo yaliyokwisha kujengwa bila mpango, hili la kumega njia limeshazoeleka, tatizo linakuja nyumba zimeshaota na kila mmoja anamwambia jirani yake amege yeye.

Hapo kwenye urasimishaji nina kidonda changu. Kwetu kaya 143 zilichanga shilingi 150,000 kila moja kwa kampuni moja ya upimaji. Walikuja mara mbili, wakapiga picha kutoka juu, wakaweka alama za rangi kwenye kuta. Simu zao hazipatikani. Ndiyo maana nikisimama mkutanoni kusema neno "mpango," nusu ya watu wanageuza shingo. Wana haki.

Mkuu wa #4, habari ya tofali za mzee nimemsomea mke wangu kwa sauti. Tarehe itaandikwa.

Mstaafu wa #3, kama uko tayari, njoo utusaidie kusoma mchoro siku ya mkutano. Nimekutumia ujumbe.

#8 Kijana mpangaji

Nauliza tu, mimi sina shamba wala nyumba, nimepanga chumba huku na mwenzangu. Kila mkutano wa mtaa unazungumzia wenye viwanja. Barabara ikipanuliwa na vile vyumba vya mbele vikavunjwa, sisi wapangaji tunatoka na kodi ya miezi sita tuliyolipa mbele au imekwenda? Nyumba ninayokaa ina X na mwenye nyumba aliipaka rangi ya kijani juu yake kabla sijahamia. Nimeigundua mvua ilipoosha rangi.

#9 Mpanga miji mstaafu

Kijana, umesema jambo ambalo katika miaka yangu 26 sikuliona limeandikwa kwenye ajenda yoyote. Dai mkataba wa maandishi, na uombe kipengele cha kurudishiwa kodi ikitokea bomoabomoa. Najua wengi watakataa kukupa. Omba hata hivyo, na mkutanoni uende, mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote.

Mwanzisha uzi, nimepata ujumbe. Nitakuja.

#10 Mwanzisha uzi: MREJESHO

Wakuu, samahani kwa kimya cha wiki tano.

Manispaa walikubali kutupa nakala baada ya barua tatu na kusimama kwenye korido siku mbili. Nakala tulilipia wenyewe duka la kuchapisha ramani, tukaifunika kwa nailoni nzito, tukaipigilia kwenye ubao wa mninga ukutani, mkabala na meza ya mwenyekiti. Mstaafu wetu alikuja, Mungu ambariki. Alisimama na kijiti kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, akiwasomea watu: huu ndio mto, huu mkorosho wa Mzee, hapa ndipo ulipo wewe. Watu walipanga foleni kama ya kupiga kura. Kuna baba mmoja, dereva mstaafu, aliweka kidole kwenye nyumba yake akakinyanyua, akakiweka tena, mara nne. Ukuta wake umekula mita tatu za barabara. Hakusema neno. Alitoka akakaa kwenye benchi nje.

Yaliyopatikana: katika ile njia ya hatua 120 kuna kaya 11. Nane zimekubali kurudisha kuta zao, si hadi mita 10, hadi mita 5 ambazo gari linapita. Mstaafu alitupigia hesabu kwamba mita 10 zingevunja vyumba vya watu sita, tukaona hapana, mchoro urekebishwe kwa taratibu zake na manispaa wamepokea ombi hilo kwa maandishi. Kaya tatu zimekataa. Mmoja ametwambia wazi kwamba alinunua kwa muhuri, na aliyegonga muhuri ndiye amrudishie gharama. Hoja yake ni nzito, nami sina jibu la kumpa.

Nyumba 19 za eneo la shule bado zina X. Diwani ameomba manispaa itafute eneo jingine la shule upande wa juu ya bonde, lenye mwenye shamba mmoja aliye tayari kuzungumza, na safari hii tumesema hakuna bikoni kabla ya malipo kuandikwa. Watoto wetu bado wanavuka barabara kubwa kwenda shule ya mtaa wa pili.

Tangu ubao utundikwe, wamekuja wauzaji saba na wanunuzi wao. Wawili waligeukia mlangoni baada ya kuutazama. Wa tatu, muuzaji, alimwomba mwenyekiti ageuze meza ili mteja akae ameupa ubao mgongo. Mwenyekiti alikataa, nilikuwepo.

Jumamosi tulianza kupima njia. Hatuna vifaa, tumefunga mafundo kwenye kamba ya manila kila mita moja. Ncha moja alishika yule mama wa choo, aliomba mwenyewe. Dereva mstaafu alikuja na nyundo yake kabla ya kuitwa, akaanza kung'oa tofali za juu moja moja, anazipanga pembeni zisivunjike azitumie tena. Kamba imefika nyumba ya tano. Tunaendelea Jumamosi hii saa moja asubuhi, na vijana wa gari la majitaka wameahidi kuja kujaribu kama linaingia mpaka hapo.